Gari linachemsha mlimani tu, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Kagari kangu ka cc 1300 mjini kametulia kabisa, hata kwenye foleni feni inawaka na mshale wa joto haupandi. Nikianza kupanda mlima Kitonga tu, mshale unakimbilia kwenye nyekundu. Fundi aling'oa themostati (ile valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) akasema tatizo limeisha. Wapi! Rejeta inapungua maji kama nusu lita kila safari, na chini sioni hata tone. Oili haijawa na rangi ya maziwa, yaani haionyeshi kuchanganyika na maji, ila asubuhi injini ikiwa baridi nakuta mpira wa juu wa rejeta umejaa upepo, mgumu. Hapo ndipo nahofia gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia gesi ya silinda isiingie kwenye maji. Nianze kupima presha ya mfumo wa maji au kuzibua rejeta? Kufungua hedi si hela ndogo, jamani.