Ruzuku ya wakfu wa Marekani kwa kikundi cha Pwani: tupokee wenyewe au tupitie shirika mwenyeji?

Bahari_Kilifi

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya ruzuku. Kikundi chetu cha kutetea haki za wavuvi Kilifi kina miaka mitatu, na kimesajiliwa kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022. Wakfu mmoja wa Marekani umekubali kutupa dola 60,000 kwa miezi 12. Afisa wao ametupa njia mbili: fedha zije moja kwa moja kwetu kwa utaratibu wanaouita "wajibu wa matumizi", au tutafute shirika mwenyeji lizipokee kwa niaba yetu. Mwenyeji tuliyemfikia anataka asilimia 12.

Njia hizi zinatofautianaje hasa? Na kazi yetu kubwa mwaka huu ni mswada wa uvuvi ulio mbele ya bunge la kaunti. Tulipoutaja kwenye simu, afisa alinyamaza kisha akabadilisha mazungumzo. Kwa nini?

Mhasibu_Kisauni

Mzizi wa yote uko kwenye sheria ya kodi ya Marekani. Inawagawa watoaji mafungu mawili. Kuna wakfu binafsi, ambao mali yake imetoka kwa mtu mmoja, familia au kampuni: Ford, MacArthur, Rockefeller Brothers. Halafu kuna shirika la hisani la umma, linalochangiwa na wengi: Tides ya San Francisco iliyoanza 1976, Global Greengrants, Fund for Global Human Rights. Fungu la kwanza linabanwa na kifungu cha 4945. Wakfu ukitoa fedha kwa kikundi kisichotambulika Marekani kama hisani ya umma, kisha usifuatilie inavyotakiwa, unatozwa kodi ya asilimia 20 ya kiasi hicho, na msimamizi aliyeidhinisha huku akijua anaweza kutozwa asilimia 5 kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo afisa anapowasumbua kwa karatasi, msimchukie. Anajikinga yeye na wakfu wake.

Wajibu wa matumizi maana yake ni hii. Kabla ya fedha kutoka, wakfu unawachunguza: viongozi ni nani, mmewahi kushika fedha za nani, hesabu zinawekwaje. Kisha mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi, unaosema fedha isiyotumika au iliyotumika vibaya itarudishwa, na unaokataza mambo ya uchaguzi, ushawishi wa kutunga sheria na kugawa fedha hiyo kwa wengine kiholela. Mnatenga hesabu yake pekee. Kila mwaka mnatuma ripoti ya fedha na ya kazi, na wakfu nao unawaripoti ninyi kwenye fomu yao ya kodi, 990-PF. Mkichelewesha ripoti, wakfu unalazimika kuzuia malipo yanayofuata hata kama unawapenda.

Kuna njia ya tatu ambayo afisa huenda hakuitaja: uthibitisho wa ulinganifu. Wakfu unathibitisha kwamba ninyi, kama mngekuwa Marekani, mngehesabiwa hisani ya umma. Tangu 2013 kuna huduma ya NGOsource inayofanya uchunguzi huo, na anayelipa ni mtoaji. Ukipita, watoaji wengine nao wanaweza kuutumia.

Vikundi vingi vya Pwani hukwama hapo kwa mambo mawili. Kwanza, katiba. Fungueni yenu kwenye kipengele cha kuvunjwa kwa kikundi. Kama imeandikwa kwamba mali itagawanywa kwa wanachama, basi hapo hapo mmeanguka. Inatakiwa iende kwa shirika lingine la hisani au serikalini. Pili, vyanzo vya fedha. Kipimo cha kawaida ni kwamba theluthi moja ya mapato ya miaka mitano itoke kwa umma, na fedha za mtoaji mmoja wa kawaida huhesabiwa humo mwisho asilimia 2 ya mapato yote. Kikundi kinacholishwa na wakfu binafsi mmoja hakitoboi kirahisi. Ruzuku za serikali na za mashirika yanayochangiwa na umma huhesabiwa kwa ukamilifu, kwa hiyo hata ruzuku ndogo kutoka mfuko wa aina ya Greengrants huwasogeza.

Wakili_Tudor

Nijibu la mswada, maana hilo ndilo litakaloamua njia.

Wakfu binafsi hauruhusiwi kutenga fedha kwa ajili ya ushawishi wa kutunga sheria. Na "sheria" hapa si ya Washington peke yake, mabunge ya nchi nyingine yamo, bunge la kaunti likiwemo. Ndiyo maana afisa alinyamaza: angewasikia mkisema "tutapitisha mswada" kisha akawapa fedha, ingeonekana ametenga.

Lakini ushawishi una mipaka yake, na watetezi wengi huukuza kuliko ulivyo. Kumwambia mwakilishi wadi, au karani wake, kwamba mswada fulani upitishwe au ukataliwe, huo ni ushawishi. Kumwomba gavana asiutie sahihi, pia. Kuwaambia wavuvi "mpigieni mwakilishi wenu aukatae", pia. Kulalamika kwa Huduma ya Uvuvi kuhusu meli za kukokota nyavu si ushawishi. Kupinga leseni, kudai kanuni zilizopo zitekelezwe, kufuatilia ada za BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), kwenda mahakamani: hakuna hata kimoja kinachohesabiwa. Mradi wa makaa ya mawe Lamu ulisimama Juni 2019 kwa sababu mahakama maalum ya mazingira (tribunal) ilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Kazi ya namna hiyo kwa macho ya sheria ya Marekani haina tone la ushawishi.

Utafiti pia unaruhusiwa, hata ukimalizia kwa kusema mswada ni mbaya, mradi ueleze ukweli wa pande zote kwa ukamilifu kiasi cha msomaji kujiamulia, usambazwe kwa upana, na usimwambie msomaji ampigie mbunge.

Mtego ninaouona ukinasa watu Kenya ni wa ushirikishwaji wa umma. Katiba yetu inaalika maoni, bunge la kaunti linatoa tangazo gazetini, kikundi kinapeleka waraka kikiamini "tumealikwa". Kwa sheria ya Marekani, mwaliko unaofanya ushauri wenu usihesabiwe ushawishi ni barua ya kamati yenyewe iliyoandikiwa shirika lenu. Tangazo la gazeti kwa kila mtu halitoshi. Kwa hiyo mwandikieni karani wa kamati ya kilimo na uvuvi mapema, mwombe kamati iwaandikie rasmi kuomba maelezo ya kitaalamu. Barua itoke kwa jina la kamati. Ikiwa imeandikwa na mwakilishi mmoja kwa jina lake, haifai. Majibu yenu yapelekwe kwa kamati hiyo, na nakala ya barua ikae kwenye faili la ruzuku.

Sasa linganisheni njia. Mkipokea kwa wajibu wa matumizi, mkataba wenyewe unakataza ushawishi kwa fedha hiyo, hata senti. Mkiwa na uthibitisho wa ulinganifu, au mkipitia shirika la hisani la umma la Marekani, wakfu unaweza kutoa ruzuku ya jumla isiyotengewa ushawishi, au ruzuku ya mradi isiyozidi sehemu ya bajeti isiyo ya ushawishi. Kwa mfano bajeti ya mradi mzima ni dola 75,000, na 12,000 kati yake ni za mswada. Wakfu binafsi unaweza kutoa hadi 63,000. Hizo 12,000 zitoke kwingine: michango ya wanachama, au mtoaji asiyebanwa na kifungu hicho. Bajeti yenyewe lazima ioneshe mgawanyo huo waziwazi kabla wakfu haujatia sahihi.

Mratibu_Ruzuku

Wakili amesema vyema. Mimi niongeze la mwenyeji, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia.

Mwenyeji wa aina ya kwanza anawameza: mradi unakuwa wake, wafanyakazi wenu wanakuwa wake, deni na kesi ni zake, na mali pia ni yake. Wa aina ya pili anapokea fedha kisha anawapa kama ruzuku, ninyi mkibaki na usajili na bodi yenu. Kwa kikundi chenye katiba na akaunti, aina ya pili hutosha. Ila msidhani mwenyeji ni bomba la kupitishia fedha tu. Sheria inamtaka awe na mamlaka ya kweli ya kukataa matumizi, na mwenyeji asiyewauliza chochote ni wa hatari zaidi kuliko msumbufu.

Kama mwenyeji ni wa Marekani, muulizeni swali moja ambalo wachache huuliza: mwaka huu mmebakiwa na nafasi kiasi gani ya ushawishi? Mashirika ya hisani ya umma yanayochagua kipimo cha 501(h), kifungu kingine cha sheria ile ya kodi, huruhusiwa kutumia kwa ushawishi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yao, 15 ya 500,000 zinazofuata, 10 ya nyingine 500,000, kisha 5 ya zinazobaki, mwisho dola milioni moja. Kikomo hicho hufikiwa shirika likiwa na matumizi ya milioni 17. Kwa hiyo mwenyeji mkubwa anayelea miradi mia anagawa milioni ile ile moja kwa wote. Na ushawishi wa kuhamasisha umma ni robo tu ya kiwango hicho. Mradi mdogo wa Kilifi unaweza kunyimwa dola 5,000 za ushawishi kwa sababu miradi mingine imeshazimaliza.

Kuhusu ada: kati ya asilimia 5 na 15 ni kawaida. Asilimia 12 ya 60,000 ni dola 7,200, mshahara wa mhamasishaji kwa miezi kadhaa. Si wizi kama ndani yake mna malipo ya mishahara, ukaguzi wa hesabu na kuandika ripoti. Ni ghali kama mwenyeji anapokea tu na kutuma. Na ombeni wakfu uibebe kwenye gharama za uendeshaji badala ya kukatwa kwenye shughuli. Watoaji wa kimaendeleo wamelegeza hapo. Ford tangu 2023 inatoa angalau asilimia 25 kwa ajili ya gharama za uendeshaji juu ya ruzuku za miradi.

Kwenye mkataba na mwenyeji msikubali kutia sahihi kabla haya hayajaandikwa: ada inakatwa fedha ikiingia au ikitumika, fedha yenu inakaa kwenye akaunti ipi na mnapewa taarifa yake kila mwezi, maombi ya malipo yanajibiwa ndani ya siku ngapi, faida ya kubadilisha dola ni ya nani, jina, kurasa za mtandaoni, takwimu na boti ni za nani mkiachana, na mkitaka kuhama, salio linahamia kwa mwenyeji mpya ndani ya siku ngapi. Kosa linalorudi kila mara ni mwenyeji kuchanganya fedha za miradi kwenye akaunti moja, akabanwa na mishahara yake, akaazima zenu. Taarifa ya benki ya kila mwezi ndiyo inayofichua hilo mapema.

Bahari_Kilifi

Nashukuru sana, ndugu zangu. Kipengele cha kuvunja kikundi nimekiangalia: kimeandikwa mali igawanywe kwa wanachama. Tutaitisha mkutano mkuu tukibadilishe. Nauliza mawili ya mwisho. Jina letu litaonekana hadharani? Na tuandae nini upande wa hesabu kabla fedha haijaingia?

Mhasibu_Kisauni

Mkipokea moja kwa moja kutoka wakfu binafsi, jina lenu, kiasi na kusudi vitaonekana kwenye 990-PF, na fomu hiyo yuko huru kuisoma yeyote. Mkipitia mwenyeji wa Marekani, kwenye fomu ya wakfu huonekana jina la mwenyeji. Si jambo dogo kwa watetezi. Julai 2024 Serikali ya Kenya iliiandikia Ford ikitaja mashirika 16 yaliyopokea ruzuku, wakati wa maandamano ya vijana; Ford ilikana kuyafadhili maandamano hayo. Msifiche mfadhili, ila mwombeni afisa awaoneshe sentensi ya kusudi kabla haijaenda kwenye fomu. "Kuimarisha usimamizi wa rasilimali za bahari na jamii za wavuvi" ni kweli na haipotoshi.

Upande wa hesabu, anzeni na fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ikawa kama 129. Dola 60,000 kwa bei ya kwanza ni shilingi milioni 9.6, kwa ya pili ni milioni 7.74. Aliyepanga kwa 160 alikosa karibu milioni mbili bila mtu kuiba. Pangeni kwa bei ya chini kuliko ya leo, wekeni akiba ya asilimia 5 kama wakfu unaruhusu, na mkubaliane kwa maandishi bei ipi itatumika kwenye ripoti. Ya benki siku fedha ilipoingia ndiyo rahisi kuthibitisha. Benki za kati nazo hukata ada njiani, msishangae ikija pungufu.

Fungueni akaunti ya ruzuku hii peke yake, watia sahihi watatu, wawili walazimike kwa kila malipo, na wasiwe wa ukoo mmoja. Nauli za wavuvi lipeni kwa M-Pesa ya kikundi, karatasi ya mahudhurio ikiwa na jina, namba ya simu na sahihi, ili taarifa ya M-Pesa na karatasi zisome sawa. Manunuzi yawe na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya mapato). Kodi ya mishahara iende KRA isizidi tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Na kwa ajili ya mswada: kila mfanyakazi ajaze karatasi ya saa kwa wiki, safu moja ya kazi ya ruzuku, safu nyingine ya ushawishi. Mratibu anayelipwa shilingi 80,000 akitumia siku 3 kati ya 20 kwenye mswada, shilingi 12,000 za mwezi huo zinatoka akaunti nyingine, pamoja na nauli yake ya kwenda kwa wawakilishi na sehemu ya muda wa maongezi. Jazeni kila Ijumaa. Karatasi iliyojazwa mwezi wa 12 kwa kukumbuka mwezi wa 3, mkaguzi anaijua kwa kuitazama tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, na kila wiki saa 40 kamili.