Naomba ushauri: nikifikisha majeruhi, timu ya mapokezi hainisikilizi

Machela_ya_Mbele

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa ambulensi, na wagonjwa wangu wengi ni wa ajali za barabarani na watu walioanguka kutoka juu. Kazi naipenda. Kinachonitesa ni dakika mbili za mwisho, pale mlangoni mwa kitengo cha dharura.

Hali iko hivi. Naingia na majeruhi, watu sita wanamzunguka kwa pamoja. Huyu anakata nguo, yule anatafuta mshipa, mwingine anafunga mashine ya presha, mwingine ananiuliza jina na umri. Naanza kueleza, sijamaliza sentensi ya pili naulizwa kitu kingine, ya tatu naambiwa "sawa sawa, muweke hapo". Mwisho najikuta nimemweleza mtu wa usajili peke yake.

Karibuni tumemleta kijana wa pikipiki, mguu umesagika chini ya goti. Turniketi, yaani mkanda wa kukaza mguu kuzuia damu, tulimfunga palepale eneo la tukio, na njiani tukampa dozi ya kwanza ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu. Namba ya juu ya presha tuliikuta 80, tulipofika ilikuwa imepanda hadi 112. Yote hayo niliyasema. Baadaye nikiwa pembeni najaza fomu, nasikia wanajadiliana kama wamwanzishie dawa ileile, na mmoja anasema presha yake haina tatizo. Nikarudi ndani nikawaeleza upya, wakanielewa. Lakini je, kama ningekuwa nimeshaitwa kwenye tukio jingine?

Nifupishe? Nipaze sauti? Niandike malalamiko? Sitaki ugomvi na watu ninaokutana nao kila zamu, ila pia sikubali maelezo ya mgonjwa yapotee mlangoni.

---

NesiWaZamu

Pole kaka, na umefanya vizuri sana kurudi ndani. Niko upande wa pili wa hiyo machela, nikueleze kinachotokea kwetu.

Kabla hujafika kila mmoja wetu ameshapangiwa kazi. Mikono ikishamgusa mgonjwa, masikio yanafuata mikono. Anayetafuta mshipa ulioporomoka hasikii chochote, na si kwamba anakudharau. Ndiyo maana muda wako wa kuzungumza ni mmoja tu: mgonjwa akiwa bado juu ya machela yako. Akishahamia kitandani kwetu, umechelewa.

Simama miguuni kwake. Uliza kwa sauti, "Kiongozi wa timu ni nani?" Akijitokeza mtazame yeye, usihangaike na sisi wengine, mwambie: "Naomba sekunde 30, kisha tunamhamisha." Ukishataja muda, watu wanatulia kwa sababu wanajua una mwisho. Ukianza bila kutaja muda, kila mtu anahisi utaongea hadi kesho.

---

FundiHewa

Nakubaliana na NesiWaZamu ila naweka mpaka. Natoa dawa za usingizi, na mimi ndiye ninayesimama kichwani kwa majeruhi. Kama njia ya hewa imeziba, kama moyo umesimama na mnaendelea kukandamiza kifua, kama damu inamwagika mbele ya macho, usiniombe sekunde 30. Sitakupa, na sitakiwi kukupa.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo sema sentensi moja mkiwa mnatembea: "Moyo umesimama dakika nne zilizopita, amechomwa kisu kifuani kushoto." Hiyo inatosha kwangu kuanza. Mengine utampa kiongozi tukishashika hali, na usiondoke kabla hujayatoa.

Na ombi langu binafsi: kabla hujampa dawa yoyote ya kulaza au ya maumivu makali, pima fahamu kwa kipimo cha Glasgow na uniambie vipande vyake vitatu. Macho kiasi gani, kuongea kiasi gani, kujongea kiasi gani. Ukiniambia "tisa" tu, sijui kama ni mtu asiyefumbua macho lakini anasukuma mkono wangu, au ni kinyume chake. Nikishampa dawa na kumwekea mrija wa hewa, kile ulichokiona wewe ndicho daktari wa ubongo atakachokitegemea. Hakuna mwingine atakayekiona tena. Sema pia kama mboni zililingana, na kama alikuwa anajongeza mikono na miguu yote.

---

Mpasuaji_wa_Usiku

Nimesoma uzi huu mara mbili. Nijibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa.

Kwanza mpangilio. Timu nyingi za majeruhi duniani zinatumia herufi za Kiingereza MIST: jinsi ajali ilivyotokea, majeraha uliyoyaona, dalili zake muhimu, na tiba uliyotoa. Wengine hutanguliza umri na saa ya tukio, ikawa ATMIST. Faida ya mpangilio ni kwamba mimi najua kinachofuata, kwa hiyo sikukatizi kuuliza presha wakati najua inakuja. Ukianza na majeraha, ukaruka kwenye dripu, ukarudi kwenye gari lilivyopinduka, nitakukatiza tu, kwa sababu sijui kama presha utaitaja.

Lakini mpangilio peke yake hautoshi. Yapo mambo ambayo wewe tu unayo, na yakikosekana tiba yangu inapotoka.

Saa ya ajali. Si saa mliyofika wala saa mliyopigiwa simu. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliokuwa na majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki inapunguza vifo. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba muda ndio kila kitu: mapema ni bora, na ikianza baada ya saa 3 tangu kuumia inaweza kuongeza hatari ya kufa kwa kutokwa damu. Sasa kama sijui ameumia saa ngapi, nitaamuaje? Na kama sijui umeshampa gramu ya kwanza, ile ya pili inayopita taratibu kwa saa 8 naianza lini? Mjadala ule uliousikia ulikuwa wa maana kubwa, na jibu lake lilikuwa kwako.

Presha mbaya kuliko zote, hata kama sasa imepanda. Hapa wengi wanateleza kwa nia njema: wanataja ile nzuri ya mwisho. Kijana mwenye afya hubana mishipa yake na kuishikilia presha hadi anapoishiwa, kisha anaporomoka ghafla. Ukiniambia "ilikuwa 80 barabarani, sasa 112", naita damu na kuandaa chumba cha upasuaji. Ukiniambia "112", natulia. Mgonjwa ni yuleyule.

Saa ya turniketi. Iandike juu ya mkanda wenyewe au kwenye ngozi yake, kisha iseme kwa mdomo. Ikivuka saa 2 tangu ifungwe, hatari kwa misuli na neva inaongezeka, na hiyo inanisaidia kupanga nianze na nini.

Mkanda wa nyonga, ule wa kubana nyonga inayohofiwa kuvunjika. Sema kwa nini uliufunga. Ukifungwa vizuri, kwenye usawa wa vichwa vya mapaja na si tumboni, unaweza kuurudisha mfupa mahali pake hadi picha ya eksirei ionekane safi. Mtu asiyejua sababu anaangalia picha, anaufungua, na damu inaanza upya.

Kuhusu ajali, usinipe kasi ya gari maana hukuwa na kipimo. Nipe ulichokiona: usukani umepinda, mlango umeingia ndani hadi kwenye kiti, alirushwa nje, aliyekaa naye amefariki. Hilo la mwisho watu huona vigumu kulitamka mbele ya mgonjwa. Mnong'oneze kiongozi, ila usiliache.

---

SautiYaRedio

Niko chumba cha mawasiliano, napanga ambulensi. Naona kila mtu anazungumzia mlangoni, na makabidhiano yanaanza redioni.

Piga mapema, mkiwa eneo la tukio au mara tu mnapoondoka. Msisubiri mkunje kona ya mwisho. Mpangilio uwe uleule, ongeza mtafika baada ya dakika ngapi na mnataka nini kiwe tayari. Tamka wazi: "Naomba damu iandaliwe, daktari wa upasuaji awepo." Ukisema "majeruhi, hali si nzuri" hujaniomba chochote. Kisha mwambie aliyepokea arudie alichosikia, maana namba zinabadilika sana hewani. Timu iliyosikia habari mapema ina maswali machache ukifika, na pengine ndiyo dawa kubwa ya tatizo lako.

---

Haki_Kwanza

Mimi nasema andika malalamiko rasmi. Tarehe, saa, majina. Watu hawabadiliki hadi wawajibishwe. Leo ni dozi ya dawa, kesho ni mzio uliotajwa na haukusikika.

---

NesiWaZamu

Haki_Kwanza nakuelewa, na tukio lile linastahili kuandikwa kwenye ripoti ya usalama wa wagonjwa. Lakini ripoti iseme kilichotokea, isimtafute mtu. Ukianza na majina, zamu ijayo utapokelewa kwa ukimya mbaya kuliko kelele, na atakayeumia ni mgonjwa.

Nenda na ripoti pamoja na pendekezo. Kule New South Wales, Australia, waliwarekodi kwa video wahudumu wa ambulensi na timu za dharura wakikabidhiana, wakakaa nao pamoja kutazama, wakatengeneza mpangilio unaoitwa IMIST-AMBO. Ule ni MIST, pamoja na utambulisho wa mgonjwa mwanzoni, kisha mzio, dawa anazotumia, historia yake na mengineyo mwishoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: maswali ya kukatizana yalipungua na makabidhiano yakawa mafupi, ingawa taarifa zilizotolewa ziliongezeka. Mkuu wa kitengo akisikia kwamba itampunguzia muda, atakusikiliza.

---

Bado_Najifunza

Samahani wakubwa, niko mafunzoni. Tukiwa wawili tu garini, mmoja anaendesha na mmoja anakandamiza jeraha, haya yote yanaandikwa na nani na lini?

---

Machela_ya_Mbele

Bado_Najifunza, hilo naweza kukujibu. Bandika plasta pana ya kitambaa kwenye paja lako kabla hujashuka garini, na kalamu ya wino mzito mfukoni. Unaandika saa na namba tu, hakuna maneno: saa ya ajali, turniketi, dawa, presha ya kwanza, presha ya chini kabisa. Kidole kikipata nafasi, unaandika. Fomu kamili utajaza baadaye, ila mlangoni unasoma paja.

Kwa wengine wote, nimejifunza mengi, asanteni kwa dhati. Mpasuaji, la presha mbaya nitalifanyia kazi na wenzangu wote, kwa sababu kituoni kwetu wengi tunataja ya mwisho. Naona pia nilikuwa nataka kupambana pale kitandani, kumbe kanuni inatakiwa ikubalike siku ambayo hakuna mgonjwa. Nitaomba kikao kifupi na mkuu wa kitengo, niende na ripoti na karatasi moja ya MIST ya kubandika ukutani.

Swali moja limebaki. Kuna zamu nauliza kiongozi ni nani na wanatazamana. Hapo nafanyaje?

---

FundiHewa

Mtazame aliye kichwani. Mara nyingi ni mimi au mwenzangu, na hatuwezi kutoka pale hata kwa dakika moja, kwa hiyo utakuwa na uhakika wa kumpata. Sema: "Kama hakuna kiongozi, nakukabidhi wewe." Mtu akikabidhiwa kwa macho, ama atapokea ama atamtaja mwingine haraka.

Kwenye kikao chako uliombe hili pia: kiongozi avae fulana au kibandiko kinachoonekana tokea mlangoni.

---

Mpasuaji_wa_Usiku

Naongeza la kuondokea. Kabla hujatoka, mshike mtu mmoja, akurudishie mambo matatu kwa mdomo wake: saa ya ajali, dawa zilizotolewa na saa zake, na presha ya chini kabisa. Akikosea, mrekebishe palepale. Kama redio inakuita na huna hata nusu dakika, bandua ile plasta kwenye paja, ibandike kwenye shuka juu ya kifua cha mgonjwa, na umwonyeshe anayeandika kumbukumbu. Akija kwangu chumba cha upasuaji ikiwa bado ipo, naisoma kabla sijanawa mikono.