Wenye mbwa, fungieni mbwa wenu! Kuku 11 wameuawa usiku mmoja

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Jana alfajiri nimetoka kwenda kufungulia kuku, nikakuta manyoya yametapakaa ua mzima. Kuku 11 chini, na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Wameng'atwa migongoni na mapajani, wakatikiswa, wakaachwa. Tetea wangu mwekundu aliyekuwa anaatamia nimemkuta juu ya mayai yake, mbawa bado amezitandaza, mayai yameshapoa.

Msiniambie ni nguchiro. Nguchiro huuma kichwani na shingoni, tena hupenya kwenye upenyo mdogo. Huyu kafukua shimo chini ya ukuta wa banda na wavu kauvuta mpaka ukachanika. Na nilimkuta bado yumo, mbwa mkubwa mwenye mkanda shingoni. Ana kwao!

Nikamfuata mwenye mbwa. Eti, "Mbwa wangu mpole, hana tabia hiyo. Wewe kwa nini hukujenga banda imara?" Mpole kwa nani? Mbwa akiachiwa usiku, kuku wakaanza kupiga kelele na kurukaruka mbele yake, atawakimbiza tu, hata kama kalala ameshiba. Ndiyo maana anaua wote bila kula. Na akishazoea, atarudi.

Kuhusu banda, kosa langu nalikubali. Nilitumia ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita. Ule unamzuia kuku asitoke, haumzuii mbwa asiingie. Sasa nafunga wavu wa nyaya zilizochomelewa, matundu ya nusu inchi, ili hata nguchiro na kicheche wasipite. Chini naukunja kuelekea nje kama sentimita 30, nauzika kwa udongo na mawe juu. Mbwa huanza kufukua palepale ukuta unapogusa ardhi, kwa hiyo akikwaruza atakutana na waya. Na juu nafunika, maana mwewe naye hupiga mchana.

Lakini kwa nini gharama zote nizibebe mimi? Nguchiro hana mwenyewe, kumzuia ni kazi yangu. Huyu mbwa ana mtu anayemlisha na kumwita kwa jina, na mtu huyo analala usingizi huku geti lake liko wazi.

Wengine wameshanishauri nitege sumu. Sitegi! Sumu haichagui. Itaua paka, itaua mbwa asiye na kosa, na watoto wanacheza humo humo uani.

Waliobaki ni watatu, hawajataga tangu jana, na mmoja niko naye ndani kwenye boksi, nimemsafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kama kuna aliyewahi kulipwa kuku wake na mwenye mbwa, aniambie alianzia wapi. Shimo sijalifukia, na picha zote ninazo.