Akiba yangu ameiita bakhshishi!

Ndugu zangu wa Ontario, natoka ofisini mwa yule bwana sasa hivi na mikono ingali inanitetemeka. Simtaji, kwa kuwa nyote mnamjua: hakosi harusi wala matanga ya Waswahili hapa Toronto, na kila Februari, muda wa kodi ulipokaribia, mifuko ya koti lake ilitapika fomu za mfuko wa mtaji wa wafanyakazi, yaani mfuko wenye jina la chama cha wafanyakazi, unaowekeza fedha zetu katika kampuni changa. Mwaka 2001 alinisainisha hisa za dola 5,000. Serikali kuu ya Ottawa ikanipunguzia kodi dola 750, Ontario 750 nyingine, nami nikaamini kwamba jambo lililobarikiwa na serikali mbili na chama cha wafanyakazi haliwezi kuwa mtego. Nikasubiri miaka minane, maana ukiuza mapema unairudisha nafuu hiyo; kisha mfuko ukasimamisha malipo. Leo naambiwa zimebaki dola 640, na nilipouliza nyingine zimekwenda wapi, alicheka mpaka madirisha yakatikisika, akasema: "Mzee, serikali ilikwishakulipa. Hiyo ni bakhshishi."

Bakhshishi! Jasho la zamu za usiku, bakhshishi! Wasimamizi walikata ada yao hata miaka ya hasara, naye akapata kamisheni yake. Hizo hakuziita bakhshishi.

Mkwe wa Scarborough: Pole, mzee. Kwetu alikuja na fomu siku ya arobaini ya baba, chai haijapoa.

Bi Mkubwa: Kaka, uliziona zile 1,500 tu, hukusoma kitu. Ontario ilitangaza mwaka 2005 kwamba itaiondoa nafuu yake. Ulikuwa wapi?

Mwenye uzi: Nilikuwa nimefungwa, dada! Huo ulikuwa mwaka wa nne kati ya minane. Na hilo halimpi ruhusa ya kuniambia bakhshishi.

Wa Montreal: Msiitukane mifuko yote. Mfuko wa FTQ, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la hapa Quebec, ulianzishwa mwaka 1983 na uko hai, kwa sababu chama chenyewe kinausimamia, hakikukodisha jina kwa wasimamizi wengine kama vyama vingi vya kwenu. Wa kulaumiwa ni Ottawa, iliyotangaza mwaka 2013 kuifuta nafuu, kisha ikaturudishia mwaka 2016.

Wa Winnipeg: Nyinyi ni afadhali. Hapa Manitoba, Crocus, mfuko wa aina hiyo hiyo, ulisimamisha biashara ya hisa zake Desemba 2004, wanahisa zaidi ya 30,000 wakafungiwa mlango, na serikali ya mkoa ndiyo iliyosaidia kuuanzisha mfuko huo.

Mwenye uzi: Jamani, aliniita mzee, kisha akasema bakhshishi.

Wa Montreal: Winnipeg, wale wa Crocus waliofungua kesi walilipwa kiasi gani?