Je, Silent Hill f inastahili jina lake?

MkaaUkunguni

Salaam, wadau. Juzi usiku nimeumaliza Silent Hill f, mchezo wa video wa kutisha, kwa mara ya kwanza, na tangu hapo nina swali linalonikera kama mwiba kwenye unyayo: kama mchezo huu ungepewa jina jingine, je, kuna ambaye angeutambua kuwa ni wa ukoo wa Silent Hill?

Sisemi haya kwa kuupita juujuu. Mfululizo huu nimeufuata tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1999, nikaucheza wa pili na wa tatu ulipotoka, nikavumilia kipindi kirefu ambacho kampuni ya Konami, mmiliki wake, iliukabidhi kwa studio za nje, kutoka Uingereza hadi Marekani hadi Jamhuri ya Cheki, na kila studio ikauvuta upande wake. Mwaka 2014 nilizunguka katika ile korido ya P.T., onyesho fupi la mchezo mpya wa Silent Hill uliokuwa ukiandaliwa, kama mtu aliyepagawa, na mwaka uliofuata mradi mzima ukafutwa. Kwa hiyo Bloober Team walipouunda upya mchezo wa pili mwaka 2024 na ukatoka vizuri, nilidhani sasa tumerudi nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2025, tunaletewa f, na nyumbani hapo hapapo tena. Matukio yanafanyika Ebisugaoka, mji mdogo wa kubuni wa Japani katika miaka ya 1960, na mhusika wetu ni Shimizu Hinako, msichana wa shule. Hakuna hospitali yenye kutu, hakuna ziwa, hakuna ile redio ya mfukoni inayoanza kukoroma adui anapokaribia. Badala yake kuna mahekalu, vinyago vya mbweha na maua mekundu yanayotambaa juu ya kuta kama ugonjwa wa ngozi. Ni mazuri kutazama, nakiri. Lakini mimi nilikuja kuutafuta mji ule wa Silent Hill, mji wa kubuni wa Marekani ulioupa mfululizo jina lake.

Jambo la pili ni mapigano, ambayo yameongezwa mno. Nitawaachia wengine walieleze hilo, maana nikianza sitanyamaza. Ombi langu moja tu: tafadhali tusifichue namna hadithi inavyoisha, kwa kuwa wapo wanaoendelea kucheza.

Kinyago_cha_Mbweha

Mwenzangu, swali lako ni la haki, ila nadhani umelifunga kwenye kigingi kisicho chake. Mji haukuwa kiini cha mfululizo huu hata zamani. Mchezo wa tatu unaanzia katika jumba la maduka mbali kabisa na mji huo, na sehemu kubwa ya safari hupita kabla ya kufika huko. Wa nne, wa mwaka 2004, unamfungia mhusika ndani ya fleti yake katika mji mwingine, na mlango wameufunga kwa minyororo kwa ndani. Wakati ule pia watu walilalamika kwamba jina limebandikwa tu. Leo wengi wa walalamikaji hao ndio wanaousifu.

Hata ukungu wenyewe, ambao sote tunauona kama alama ya ukoo, ulitokana na udhaifu wa mashine. PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora barabara nzima kwa mbali, basi waundaji wakakifunika wasichoweza kukichora. Hofu ikazaliwa hapo. Kwa hiyo tukisema kwamba mambo fulani ya mwaka 1999 ni matakatifu, tukumbuke kuwa baadhi yake yalikuwa kiraka.

Kwangu mimi, kinachoutambulisha mfululizo huu ni kwamba mahali humgeuka mtu kwa kutumia yale aliyoyaficha moyoni mwake. James, mhusika mkuu wa mchezo wa pili, anakutana na mazimwi yaliyofinyangwa na hatia yake. Sasa mtazame Hinako: mchezo unaanza kwa ugomvi nyumbani, baba anafoka, mama ameinamisha kichwa, na dada yake mkubwa ameshaolewa na kuondoka. Msichana anatoka kwenda kuwatafuta rafiki zake, ukungu unashuka, na tangu hapo kila kitu kinachomfukuza kina harufu ya nyumba ile. Ndoa, utiifu, mwili wa mwanamke unaoamuliwa na watu wengine: hayo ndiyo mazimwi yake. Mwandishi wa hadithi ni Ryukishi07, aliyejipatia jina kwa Higurashi, hadithi nyingine ya kijiji kidogo chenye siri nzito, na ukisoma daftari la Hinako unaona jinsi anavyojua kumwaminisha mtu jambo kisha kulipindua kwa sentensi moja.

Tena kuna kitu kidogo ambacho sijaona wengi wakikitaja. Michezo ile ya mwanzo iliundwa na Wajapani waliokuwa wakiiwazia Marekani kutoka mbali. Safari hii wamewazia kwao. Vichochoro vya Ebisugaoka vimechorwa kwa kufuata mtaa halisi wa Kanayama, katika mkoa wa Gifu, na ukivipita taratibu bila kukimbia utaona tofauti: kuta za mabati zilizoshika kutu, ngazi nyembamba zinazopanda katikati ya nyumba mbili, kona ambazo huwezi kujua zinakupeleka wapi mpaka uwe umeshafika. Kule Marekani ya kuwaziwa barabara zilikuwa pana na ukungu ndio uliozibana. Huku njia zenyewe ni finyu, na ukungu unakuja juu ya ufinyu huo.

Shoka_Lisilo_na_Mpini

Kuhusu mahali, nakubaliana na Kinyago neno kwa neno. Sigombani na Japani, sigombani na mbweha. Ugomvi wangu ni na kitufe cha kukwepa.

Nieleze kwa utulivu. Hinako hana bunduki hata moja. Anapigana kwa bomba la chuma, mundu, shoka, gongo la besiboli na vitu vya namna hiyo, na silaha hizo huchakaa hadi zikavunjika usipokuwa na vifaa vya kuzitengeneza. Mpaka hapo sina neno, kwani hiyo ni hofu halali: upo kichochoroni, shoka limebakiza mapigo mawili, na mbele yako amesimama yule kinyago wa kike mwenye kisu, anayetetemeka kidogo kidogo kabla hajakurukia. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Nilishika pedi kwa nguvu hadi vidole vikauma.

Tatizo ni mara ya ishirini. Studio ya NeoBards, iliyouunda mchezo huu, imeweka mfumo kamili: kuna kiasi cha pumzi kinachoisha ukishambulia, kuna kukwepa kwa wakati barabara kunakokurudishia pumzi hiyo, kuna kukaza fikra kunakotafuna utulivu wa akili ya Hinako, na kuna ile nukta adui anapong'aa ili umkatize pigo lake. Baada ya saa tano nilikuwa nimeijua mizani ya kila adui kama mtu anavyoujua mdundo wa ngoma ya kwao. Adui ambaye umeshaujua mdundo wake hakutishi tena, anakusumbua tu. Na kila nilipodhani nitamkwepa kwa kukimbia, sehemu za mwishoni zilinifungia mlango na kunitaka niwamalize wote kwanza.

Watetezi huniambia kuwa hata michezo ya zamani ilikuwa na mapigano mabovu. Ni kweli, yalikuwa mabovu, na ubovu huo ulikufundisha kukimbia. Haya si mabovu. Yametengenezwa kwa ufundi, na ufundi huo unaomba utumike, ndiyo maana wameujaza kila mahali. Ninaona ni kosa la mtu aliyenunua sufuria jipya akaamua kila chakula kiwe cha kuchemsha.

BintiWaMpunga

Ndugu Shoka, nimecheka kwa hilo la sufuria, lakini naomba nikupinge kidogo.

Kwanza, adui anayekufa katika mchezo huu hakupi chochote. Hakuna alama, hakuna kitu anachodondosha. Barabarani, kupigana ni hasara tupu, na mimi niliwakimbia wengi sana. Pili, ngazi ya ugumu wa mapigano na ngazi ya ugumu wa mafumbo huchaguliwa kila moja peke yake, kwa hiyo niliweka mapigano kwenye ile nyepesi, mafumbo nikayaweka magumu, na nikapata mchezo ambao ulinitisha hadi mwisho. Kuhusu zile sehemu za kufungiwa, huko sina utetezi. Pale hekaluni gizani hata mimi nilichoka.

Hofu niliyoikuta mimi haikuwa kwenye mapigano kabisa. Ilikuwa kwenye shamba la mpunga lenye vinyago vya kufukuzia ndege. Wale ambao hamjafika huko, msiogope, sifichui jambo kubwa. Unaingia katikati ya ukungu, vinyago vimesimama kila upande, vimevishwa kama watu, na unatakiwa uchague kimoja kulingana na maneno ya fumbo. Ukichagua sicho, kinachangamka na kukushambulia. Mafumbo yakiwa kwenye ngazi ngumu, maneno hayakuambii moja kwa moja. Yanakueleza tu hali ya moyo wa mtu, nawe unalazimika kukisogelea kila kinyago na kukitazama usoni kwa makini. Kukitazama usoni! Nilisimama mbele ya kimoja kwa muda mrefu sana nikibishana na nafsi yangu, na kilichonitia kiwewe ni kwamba hakikufanya lolote.

Jambo jingine lililonipendeza ni vile vibanda vya ibada ambako unahifadhi mchezo. Vitu vya kukutibu, unaweza kuvila, au ukavitoa sadaka ili upate imani, kisha imani hiyo ukaibadilisha kwa kuongezewa uhai au kwa hirizi usiyoichagua mwenyewe. Nilikuwa nimejeruhiwa, mfuko umebaki na vitu vitatu, na nikavitoa vyote vitatu. Nikapata hirizi isiyonifaa hata chembe. Sijawahi kujilaumu namna ile katika mchezo wa kutisha, na hapakuwa na zimwi hata moja karibu.

Saa_ya_Tisa_Usiku

Nimewasoma wote, na nina swali moja kwa mwuliza swali: umesema umeumaliza mara moja?

Basi hujaumaliza. Kuna miisho mitano, na mzunguko wa kwanza humpeleka kila mchezaji kwenye mwisho uleule, afanye atakavyo. Ukianza tena, mandhari mapya yanaongezeka, nyaraka zinaongezeka, na maneno uliyoyapita mara ya kwanza yanageuka maana. Bila kufichua chochote, nitasema tu kwamba mtu unayemchukia katika mzunguko wa kwanza huenda usimchukie kwa namna ileile katika wa tatu, na yale madonge mekundu anayomeza Hinako uyaangalie vizuri.

Nakubali kwamba huu ni mtego. Mchezaji anayechoshwa na mapigano, kama Shoka, anaambiwa arudie mapigano yaleyale ili apewe hadithi anayoitaka. Ingekuwa haki zaidi kama sehemu ile ya pili ya hekaluni ingefupishwa kwa anayerudi. Lakini kuuhukumu kwa mwisho wa kwanza ni kama kuondoka kwenye kesi baada ya kumsikia shahidi mmoja, tena shahidi mwenyewe hana utulivu wa akili.

MkaaUkunguni

Ahsanteni kwa majibu. Jana nilianza mzunguko wa pili, nikiwa nimepunguza ugumu wa mapigano kama alivyoshauri BintiWaMpunga.

Sijafika mbali, ila niliketi tena kwenye ule ugomvi wa mwanzo. Mara ya kwanza nilikuwa nimeupita haraka kwa sababu nilitaka kutoka nje nikaone ukungu. Safari hii nilimsikiliza baba yake anavyofoka, kisha nikamtazama mama, na nikagundua kwamba sikuwa nimemwona hata kidogo mara ya kwanza. Alikuwa pale pale chumbani. Nilitoka nje nikaliokota lile bomba la chuma, silaha ambayo kila aliyecheza michezo ya zamani anaijua, na nikacheka peke yangu, kwa maana hiyo ndiyo salamu ya ukoo niliyokuwa nalalamika kwamba haipo.

Kuhusu redio, hapo bado sijaridhika. Mlio ule ulikufanya umwogope adui ambaye hujamwona, na sijaona walichokiweka mahali pake. Kinyago, kama una jibu la hilo, ninalisubiri. Na ndugu Shoka, lile pambano la mlango uliofungwa, lenye wale watatu kwa pamoja, ulilipita vipi? Mimi lilinila mara tisa.

Shoka_Lisilo_na_Mpini

Mimi kumi na moja. Usimshambulie wa kwanza. Mzunguke mpaka wenzake wajipange mstari mmoja, halafu tumia silaha ile yenye mpini mrefu.