Asal Uttar, 1965: vifaru vya Patton vilishindwaje?

Muulizaji:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Septemba 1965 Pakistan iliingiza divisheni yake ya kwanza ya vifaru Punjab, upande wa India, ikauteka mji wa Khem Karan. Ilikuwa na vifaru vya Patton kutoka Marekani, vya kisasa kuliko vingi vya India. Siku chache baadaye, karibu vifaru mia moja vilikuwa vimeharibiwa au kutekwa penye kijiji cha Asal Uttar. Ilikuwaje?

Jibu la kwanza:
Maji, ndugu yangu. Divisheni ya 4 ya Milimani ya India, chini ya Meja Jenerali Gurbaksh Singh, ilirudi nyuma ikajipanga nusu duara, na mashamba ya pembeni yakafurikishwa. Patton ina uzito unaozidi tani 40, hivyo ikiingia kwenye tope la namna hiyo hujikokota au hukwama kabisa, huku miwa mirefu ikivificha vifaru vya India vya aina ya Centurion vilivyongoja hadi adui alipofika karibu.

Jibu la pili:
Tusiwasahau askari wa miguu. Abdul Hamid wa kikosi cha 4 cha Grenadiers alipiga vifaru kadhaa kwa mzinga mwepesi uliofungwa juu ya gari la jeep, silaha ambayo kila ikifyatuliwa hutoa moto na vumbi nyuma yake na kumfichua mpigaji, kwa hiyo ilimlazimu kuhama upesi baada ya kila pigo. Aliuawa tarehe 10 Septemba, akatunukiwa Param Vir Chakra, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini India. Alikuwa Mwislamu aliyelinda India dhidi ya jeshi la dola iliyoundwa kwa ajili ya Waislamu, na jambo hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Je, maji peke yake yalitosha?

Jibu la tatu:
Hayakutosha. Pakistan ilitaka kulifikia daraja la mto Beas na kuutenga mji wa Amritsar wa India, lakini vifaru vyake vilitangulia bila askari wa miguu wa kutosha kuvisindikiza, na kwenye miwa kifaru kisichosindikizwa ni kipofu. Hata hivyo, tusiukuze ushindi kupita kiasi: mashambulizi ya vifaru vya India nayo yalizuiwa Chawinda, karibu na Sialkot, na mji wenyewe wa Khem Karan ulibaki mikononi mwa Pakistan hadi majeshi yaliporudi nyuma kufuatia mapatano ya amani ya Tashkent kati ya India na Pakistan ya tarehe 10 Januari 1966.