Mrejesho: maumivu ya mgongo ya mzee

Wakuu, niliuliza kuhusu mzee wangu ambaye mgongo unamuuma usiku hata akiwa amelala. Mliosema apimwe PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), asanteni sana. Ilikuwa juu mno. Kinyama kilichokatwa kwenye tezi kupimwa kikathibitisha saratani ya tezi dume, na skani ya mifupa pale Ocean Road (hospitali ya saratani, Dar) ikaonyesha imefika uti wa mgongo na nyonga.

Ameanza sindano ya kushusha homoni za kiume zinazolisha saratani hiyo, na mionzi kapigwa mara moja tu, grei 8 (kipimo cha dozi ya mionzi). Maumivu yanapungua taratibu. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, anaendelea nayo (hajawa teja, mashangazi watulie). Sindano ya kuimarisha mifupa inasubiri ang'olewe gego bovu kwanza, maana inaweza kuharibu taya. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, tumeambiwa tumkimbize hospitali saa hiyohiyo.